Miguu Haichoki, Presha Imeingiaje?

Mwezi Septemba 2018, watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha jedwali lililoishangaza dunia. Walikuwa wamekusanya takwimu za watu milioni 1.9 kutoka nchi 168, wakitaka kujua ni watu wazima wangapi ambao miili yao haifanyi kazi ya kutosha kulinda afya. Kwa wastani wa dunia, watu 27.5 katika kila mia walikuwa hawajishughulishi vya kutosha. Kuwait ilikuwa mkiani mwa orodha: asilimia 67 ya watu wake wazima hawakufikia kiwango. Na nchi iliyotajwa kuwa na watu wachache kuliko zote wasiojishughulisha ilikuwa Uganda, kwa asilimia 5.5 tu.

Kwa mtu wa Lobule, habari hiyo haikuwa na ajabu yoyote. Lobule ni gombolola katika wilaya ya Koboko, kule West Nile, kwenye kona ambako Uganda inapakana na Kongo na Sudan Kusini. Hapo shamba hulimwa kwa jembe la mkono. Maji hutoka kisimani au bombani yakiwa ndani ya dumu la lita 20, nalo dumu hilo likijaa lina uzito wa kilo 20 juu ya kichwa cha mama au binti anayelibeba. Kuni hufuatwa kwa miguu, muhogo hung'olewa, humenywa, huanikwa na kutwangwa. Tangu 2013 Lobule imepokea pia wakimbizi kutoka Kongo, na maisha ya makazi yao yanafuata mwendo uleule: kwenda bombani, kwenda shambani, kwenda sokoni, kurudi. Hakuna anayeita shughuli hizo mazoezi. Ndiyo maisha yenyewe.

Sasa tazama takwimu za pili. Mwaka 2014 Uganda ilifanya uchunguzi wake wa kwanza wa kitaifa kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza. Miongoni mwa waliochambua matokeo alikuwa Profesa David Guwatudde wa Shule ya Afya ya Jamii ya Chuo Kikuu cha Makerere, mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi maradhi yanavyosambaa katika jamii. Yeye na wenzake walipopitia vipimo vya watu wazima 3,906, waligundua kwamba asilimia 26.4 walikuwa na shinikizo la juu la damu, presha kama wengi wanavyoiita. Kanda ya kati iliongoza kwa asilimia 28.5. Kaskazini ilikuwa na kiwango cha chini zaidi, lakini hata huko ilikuwa asilimia 23.3, karibu mtu mmoja katika kila wanne.

Kilichotisha zaidi kilikuwa jambo jingine. Kati ya wote waliokutwa na presha, ni asilimia 7.7 tu waliojua kwamba wanayo. Wengine, zaidi ya tisa katika kila kumi, walikuwa wakilima, wakitembea na kulala nayo bila habari.

Na katika uchunguzi huohuo, asilimia 94.3 ya watu wazima walikuwa wakifikia kiwango cha kujishughulisha kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Takwimu hizi mbili zimetoka kwa watu walewale, katika mwaka uleule. Ikiwa mwendo wa mwili ni kinga ya moyo, kama wataalamu wanavyosisitiza kila siku, presha imeingiaje katika nchi inayotembea kuliko zote? Jibu limefukuliwa kidogo kidogo na watafiti kwa karibu miaka mia moja, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika hapahapa Afrika Mashariki.

Dereva na konda

Ushahidi wa kwanza mzito kwamba mwendo unalinda moyo ulipatikana ndani ya mabasi ya London. Daktari Jerry Morris alijiuliza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa nini mshtuko wa moyo ulikuwa ukiongezeka kwa kasi Uingereza. Aliwachunguza wafanyakazi wa usafiri wapatao 31,000. Mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa, na kila basi lilikuwa na watu wawili: dereva aliyekaa kwenye kiti kutwa nzima, na konda aliyepanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya vidato kwa siku. Wote walitoka tabaka moja, waliishi mitaa ileile na kulipwa mishahara iliyokaribiana.

Morris alichapisha matokeo yake katika jarida la Lancet mwaka 1953. Makonda walipata ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipoupata, ulikuja wakiwa na umri mkubwa zaidi na uliwaua kwa uchache zaidi. Wapo waliobisha kwamba huenda waliochagua udereva walikuwa wanene tangu mwanzo. Morris hakuupuuza ubishi huo; alikwenda kupima hata saizi za sare walizopewa walipoajiriwa. Unene peke yake haukutosha kueleza tofauti ile. Yeye mwenyewe aliishi hadi 2009, akafariki akiwa na umri wa miaka 99.

Msomaji wa Koboko au Arua ana basi lake la London mbele ya macho. Kijana anayeendesha bodaboda tangu alfajiri hadi usiku anafanya kazi ngumu, anakula vumbi na kuhatarisha maisha, lakini kwa upande wa moyo wake yuko kwenye kiti cha dereva. Na abiria wake, ambaye baba yake angeutembea mwendo huo kwa saa nzima, anaumaliza kwa dakika kumi akiwa amekaa.

Mtafiti aliyeanzia Makerere

Ukitafuta mtafiti mmoja ambaye maisha yake yameunganisha Afrika Mashariki na elimu ya mazoezi na moyo, utamkuta Gerald Shaper. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1927, akafika Kampala mwaka 1957 kufundisha katika shule ya tiba ya Makerere, na akabaki Uganda hadi 1970.

Aliikuta Afrika Mashariki ikiwa na sifa iliyowastaajabisha madaktari wa Ulaya. Tayari mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini karibu na Ziwa Viktoria nchini Kenya, alikuwa ameandika kwamba miongoni mwa wenyeji aliowapima, shinikizo la damu halikupanda kwa umri kama lilivyopanda kwa Wazungu. Mwaka 1960 likatoka linganisho lililosimuliwa katika vyuo vya tiba kwa miongo mingi. Watafiti waliweka pamoja maiti 632 zilizopasuliwa Uganda na nyingine 632 za mji wa St. Louis, Marekani. Katika zile za Marekani, 136 zilikuwa na kovu au jeraha la mshtuko wa moyo. Katika zile za Uganda, ilikuwa moja tu.

Shaper alitaka kujua sababu. Alikwenda kaskazini mwa Kenya kuwapima Wasamburu, wafugaji waliokunywa maziwa kwa wingi na kutembea na mifugo yao umbali mrefu. Ripoti yake ya mwaka 1962 ilionyesha watu wembamba, wenye kolesteroli ya chini katika damu licha ya maziwa yale yote, na wenye shinikizo ambalo halikupanda kadiri umri ulivyosonga.

Kisha ukaja uchunguzi wake wenye somo kubwa zaidi kwa Uganda ya leo. Vijana wa Kisamburu waliingia jeshini Kenya. Shaper na wenzake waliwafuatilia, na mwaka 1969 wakatoa matokeo: baada ya muda wa kuishi kambini, shinikizo la damu la vijana hao lilipanda, tofauti na ndugu zao waliobaki na mifugo. Hawa walikuwa askari. Walikwenda gwaride, walikimbia, walibeba mizigo. Hakuna anayeweza kusema walikuwa wamekaa kitako. Kilichobadilika ni maisha yote yanayouzunguka mwendo huo, na chakula ndicho cha kwanza: waliacha maziwa ya nyumbani wakaanza kula posho ya jeshi, yenye chumvi nyingi kuliko waliyoizoea.

Shaper alihamia Uingereza, na huko akaanzisha utafiti uliompa jina duniani. Kati ya 1978 na 1980 timu yake iliwapima wanaume 7,735 wenye umri wa miaka 40 hadi 59 kutoka miji 24 ya Uingereza, kisha ikawafuata kwa miaka mingi kuona nani ataugua na nani atabaki mzima. Matokeo kuhusu mazoezi, yaliyotoka mwaka 1991, yalikuwa wazi: wanaume waliojishughulisha kwa kiwango cha wastani walipata mshtuko wa moyo kwa chini ya nusu ya kiwango cha wale waliokaa bila kujishughulisha. Waliojitutumua kupita wote hawakupata faida ya ziada. Mwaka 1998 timu hiyo ikaongeza habari njema kwa wazee: waliokuwa wamekaa bure miaka yote, kisha wakaanza hata shughuli nyepesi ukubwani, walikufa kwa uchache kuliko wenzao walioendelea kukaa.

Mtu mmoja, basi, aliona pande zote mbili. Miji ya Uingereza ilimfundisha kwamba mwendo unapunguza mshtuko wa moyo. Wasamburu waliovaa sare walimfundisha kwamba mwendo peke yake hauzuii presha kupanda.

Mishipa mipana ya Wamasai

Ndani ya mwili, kazi ya mwendo inaeleweka vizuri. Moyo ni msuli. Unapotembea kwa haraka kila siku, msuli huo huimarika na kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, hivyo ukipumzika hauhitaji kudunda mara nyingi. Damu inapopita kwa kasi, utando wa ndani wa mishipa hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoilegeza mishipa na kuipanua. Misuli ya miguu huchota sukari kutoka kwenye damu, na kwa njia hiyo hupunguza hatari ya kisukari, ambacho ni rafiki mkubwa wa maradhi ya moyo. Kwa mtu mwenye presha, mazoezi ya kawaida ya kutembea au kuendesha baiskeli huweza kushusha namba ya juu ya kipimo kwa pointi 5 hadi 8 hivi. Si kidogo, kwani baadhi ya dawa hushusha kiasi kama hicho.

Mfano wa ajabu wa nguvu hiyo ulipatikana Tanzania. George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alikuwa ameshangazwa na Wamasai, ambao walikula nyama na maziwa lakini hawakuonekana kuugua moyo. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliokuwa wamefariki. Kinyume cha alivyotarajia, mafuta yalikuwemo ndani ya kuta za mishipa, kama kwa wazee wa Marekani. Lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyoongezeka, kiasi kwamba damu iliendelea kupita bila kizuizi. Mann aliamini kwamba ni kutembea kwa maisha yao yote kulikoifanya mishipa hiyo kuwa mipana.

Miaka ya karibuni, David Raichlen na Herman Pontzer walifanya kazi na Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi, Tanzania, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Vifaa vidogo vya kupimia mwendo vilionyesha kwamba Wahadza hufanya zaidi ya saa mbili za shughuli za wastani au nzito kila siku, na presha ni adimu kwao, hata kwa wazee. Ila Pontzer aligundua pia kwamba kwa siku nzima Wahadza hawachomi nishati nyingi kuliko Mmarekani anayefanya kazi ofisini, ukizingatia ukubwa wa mwili. Mwili unaotembea sana hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo anayetembea akitarajia kupungua kilo tu anaweza kukata tamaa bure: moyo wake unafaidika hata kama mizani haisogei.

Jasho la shambani, jasho la hiari

Hapa tunafika kwenye suala ambalo wataalamu bado wanalijadili kwa nguvu, nalo linamgusa mkulima wa Lobule moja kwa moja. Je, kazi ngumu ya kutafuta riziki inaulinda moyo sawasawa na mazoezi ya hiari?

Andreas Holtermann, mtafiti wa Denmark, anasema hapana. Mwaka 2021 yeye na wenzake walitoa uchambuzi wa watu wazima 104,046 wa Copenhagen. Waliojishughulisha sana wakati wa mapumziko walipata maradhi makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 15 pungufu kuliko wale wasiojishughulisha. Lakini wale ambao kazi yao yenyewe ilikuwa nzito sana walikuwa na hatari iliyozidi kwa asilimia 35. Maelezo yake ni haya: mazoezi ya hiari ni mafupi, huongeza mapigo ya moyo kisha mtu hupumzika. Kazi nzito huchukua saa nyingi, mtu huinua na kushikilia mizigo, shinikizo hubaki juu kutwa, na kesho huanza tena kabla mwili haujapumzika.

Utafiti mwingine, uitwao PURE, ulitoa picha tofauti. Ulifuatilia watu zaidi ya 130,000 katika nchi 17, tajiri na maskini, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo. Mwaka 2017 ripoti yake ilionyesha kwamba waliofikia walau dakika 150 za shughuli kwa wiki walikuwa na hatari ndogo ya kufa na ya kuugua moyo, na kwamba shughuli za kazi, za nyumbani na za kusafiri kwa miguu zilihesabika pamoja na michezo.

Kwa West Nile, tafiti hizi mbili zikisomwa pamoja zinatoa fundisho la maana. Kutembea kwenda sokoni na kulima ni faida, mtu asidharau. Lakini mama anayebeba dumu, kuni na mtoto tangu alfajiri hadi usiku hahitaji kuambiwa aongeze mazoezi. Anahitaji kupumzika, anahitaji bomba lililo karibu, na anahitaji wanaume na wavulana wa nyumba hiyo washike dumu kwa zamu. Hiyo nayo ni kinga ya moyo.

Mlango wa presha

Turudi kwenye swali letu. Presha imepita mlango gani?

Mlango mkubwa ni chumvi. Miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia Wajaluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1990, yalionyesha kwamba shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la waliobaki kijijini, na tofauti hiyo ilionekana mapema, ndani ya miezi ya mwanzo mjini. Mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi, ambayo ndiyo sehemu ya chumvi inayopandisha presha, na potasiamu kidogo zaidi, ambayo hupatikana kwa wingi katika mboga na matunda. Chumvi ikizidi, mwili huzuia maji ili kuizimua, ujazo wa damu huongezeka, na kuta za mishipa husukumwa kwa nguvu zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari katika samaki wa kukaushwa kwa chumvi, viungo vya pakiti na vitafunio vya dukani.

Mlango wa pili ni tumbaku. West Nile ina historia ndefu ya zao hili. Kwa miongo mingi familia za Arua, Maracha na Koboko zimelipa karo za watoto kwa majani ya tumbaku. Tumbaku hukaza mishipa, huukwaruza utando wake wa ndani na kuifanya damu igande upesi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ilipiga marufuku kuvuta sigara ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma na kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21. Pombe nayo, iwe kwete ya nyumbani au waragi wa chupa, ikinywewa kwa wingi hupandisha presha hata kwa mtu anayelima kila siku.

Mlango wa tatu unafunguka polepole, na ni mgumu kuuona kwa sababu unafanana na maendeleo. Mwaka 2014 Johanna Riha na wenzake walichapisha utafiti kutoka Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, uliohusisha watu 7,340 katika vijiji 25. Vyote vilihesabiwa kuwa vya mashambani. Hata hivyo watafiti walivipanga kwa kadiri vilivyokuwa na dalili za mji, kama umeme, shule, biashara na huduma. Vijiji vilivyokaribia tabia ya mji vilikuwa na watu wengi zaidi wasiojishughulisha, wanaokula matunda na mboga kwa uchache, na wenye uzito uliozidi. Mtu hakuhitaji kuhamia Kampala ili maisha ya Kampala yamfikie.

West Nile iko katika safari hiyo sasa hivi. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020. Barabara ya kilomita 92 kutoka Vurra kupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, imewekwa lami. Lami imeleta bidhaa, imefupisha safari ya mgonjwa kwenda hospitali ya rufaa ya Arua, na imeleta bodaboda kwa kila njia panda. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka irudi kuwa vumbi. Ila mwendo ambao watu waliupata kwa lazima utabidi sasa wautafute kwa kukusudia, na hilo ni jambo geni kwa jamii ambayo siku zote imeona kutembea kuwa alama ya kukosa nauli.

Kuna sababu ya nne, isiyo na lawama kwa yeyote: umri. Watu wanaishi muda mrefu kuliko zamani, na presha huongezeka miaka inavyokwenda, hasa pale ambapo chumvi imekwishaingia.

Mwendo una mipaka

Ni lazima kusema pia kile ambacho mazoezi hayawezi. Madaktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, walipoanza kuchunguza moyo katika karne iliyopita, waliyoyakuta hayakuwa maradhi ya kukaa kitako. Mwishoni mwa miaka ya 1940 J. N. P. Davies alieleza ugonjwa ambao hujaza makovu ndani ya moyo, ugonjwa ambao Shaper naye aliuchunguza kwa miaka mingi. Mwingine, unaoendelea kuwaumiza watoto na vijana wa Uganda hadi leo, hutokana na maambukizi ya koo yasiyotibiwa, ambayo baadaye huharibu vali za moyo. Mtoto wa namna hiyo hakuugua kwa kukosa kucheza mpira. Kinga yake ni kutibiwa koo mapema kwa dawa sahihi, na akiwa ameshaathirika anahitaji daktari. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988, hushughulikia wagonjwa wa aina zote hizi.

Vivyo hivyo kwa aliyekwisha kupewa dawa za presha. Kutembea kunaisaidia dawa kufanya kazi, na huenda baada ya muda daktari akapunguza dozi. Lakini kuacha vidonge kwa sababu mtu anajisikia vizuri au kwa sababu analima ni kujitafutia kiharusi. Presha haina maumivu ya kuaminika. Ndiyo maana zaidi ya tisa katika kumi hawakujua wanayo.

La kufanya

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 ni rahisi kukumbuka: dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito, pamoja na mazoezi ya nguvu ya misuli siku mbili au zaidi. Wastani maana yake ni mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Dakika 30 za mwendo wa haraka kwa siku tano zinatosha kuanzia. Anayelima kwa jembe ameshazipita. Wanaopungukiwa ni wengine: mwalimu anayefika shule kwa pikipiki, mwenye duka la sokoni anayekaa kwenye kigoda kutwa, karani wa ofisi ya wilaya, fundi cherehani, dereva wa bodaboda mwenyewe. Hao washuke mapema na kumalizia safari kwa miguu, wacheze mpira jioni, waendeshe baiskeli, wacheze ngoma. Mwenye maumivu ya kifua au anayehema sana akifanya kazi ndogo amwone mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Serikali ya Uganda nayo, tangu 2018, imeitenga Jumapili ya pili ya Julai kuwa Siku ya Kitaifa ya Mazoezi ya Mwili. Ni jambo jema, ingawa katika vijiji kama vya Lobule siku yenye manufaa makubwa zaidi ingekuwa ya kupima presha kila mtu mzima, mwenyeji na mkimbizi, mkulima na mfanyabiashara, sokoni na baada ya ibada za kanisani na msikitini. Mashine ya kupimia hufungwa kwenye mkono, na kipimo humalizika kwa dakika chache.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya ukiwa na miaka 30 au zaidi: endelea kutembea, punguza mkono kwenye chumvi, achana na sigara. Kisha wiki hii nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, kaa utulie dakika tano, upimwe presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudi upimwe tena siku nyingine, na ikithibitika anza matibabu. Nenda na mzazi wako pia, hata kama bado anashika jembe kila asubuhi.